Maswali ya Wasomaji: Laptopu mpya, mbona inaganda?

Swali: Nimenunua laptopu ndogo ya inchi 11.6, mpya kabisa ndani ya boksi. Imeandikwa RAM GB 4, hifadhi GB 64. Jioni ya kwanza nilikuwa naandika barua tu, ikawa inaganda kila baada ya sentensi mbili. Nikitazama nafasi iliyobaki, haifiki GB 30. Je, nimepigwa? *Msomaji, Majengo, Moshi*

Jibu: Hujapigwa, ndugu yetu. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, GB ya Windows ni kubwa zaidi kidogo, kwa hiyo 64 ya kwenye boksi inasomeka 59 na ushee. Ondoa sehemu iliyofichwa ya kurejesha mfumo, kisha Windows yenyewe na masasisho yake, utafika hapo ulipofika.

Kuhusu kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, utazame safu ya diski. Ikisoma asilimia 100 na wewe hujafungua kitu, ujue mashine inapakua masasisho, inakagua virusi na kupanga orodha ya mafaili, yote kwa mpigo. Laptopu za bei hii nyingi zinatumia hifadhi ya eMMC, aina ya chipu ya bei nafuu, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ni mlango wa daladala: wanaoshuka washuke kwanza, ndipo wengine wapande. Kwa hiyo usiihukumu jioni ya kwanza. Tafuta Wi-Fi isiyo ya kupimiwa, yaani isiyohesabu bando, maana masasisho ya mwanzo yanaweza kula GB kadhaa za bando. Iache kwenye chaja usiku kucha, asubuhi uizime na kuiwasha upya, urudie mpaka isiwe na sasisho linalosubiri. Ukirudi kwenye bando la simu, fungua mipangilio ya mtandao huo na uuweke kuwa wa kupimiwa (metered). Hapo Windows itaacha kupakua mengi bila ruhusa yako.

Masasisho yakiisha, ingia Mipangilio, Mfumo, Hifadhi, kisha mafaili ya muda. Ukiona mabaki ya Windows ya zamani, yafute. Mara nyingi hayo peke yake ni GB nyingi. Mafaili yako mwenyewe yaangalie kwanza, hasa yaliyo kwenye folda ya vilivyopakuliwa, usije ukayafuta pamoja nayo. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike powercfg /h off. Kwa RAM ya GB 4 utarudishiwa karibu GB 1.6. Gharama yake ni kwamba laptopu itachelewa kidogo kuwaka.

Picha, video na muziki vipeleke kwenye kadi ya kumbukumbu, programu zibaki ndani. Sisi tunashauri nafasi isishuke chini ya GB 10. Hapa ndipo laptopu hizi zinapofia: hifadhi ikijaa, sasisho linashindwa, linajaribu tena, linashindwa tena, na mwenye mashine anaambiwa ni mbovu. RAM nayo nyingi zimechomelewa kwenye bodi, haziongezeki, kwa hiyo zoea kufungua kurasa nne au tano za intaneti, si ishirini.

Jambo moja la kuwahi kabla siku za kurudisha dukani hazijaisha: kwenye dirisha lilelile la amri, andika powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti yenye namba mbili za mWh (kipimo cha nguvu inayobebwa na betri), uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa kujaa sasa. Betri mpya, namba hizo zinakaribiana sana. Ya pili ikiwa nusu ya kwanza, umeuziwa iliyotumika.

Swali: Yangu inakataa programu ninazoleta kwa flashi. Fundi anataka hela ili "aifungue". *Msomaji, Usa River*

Jibu: Usitoe hata shilingi. Iko kwenye hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft tu. Nenda Mipangilio, Mfumo, Uwezeshaji, ufuate kiungo cha kutoka hali ya S. Ni bure, ila ukishatoka hurudi. Na zile amri mbili hapo juu hazifanyi kazi mpaka utoke.

Swali: Laptopu yangu imetoka Marekani, plagi ni bapa za pini mbili. Nikigusa bodi ya chuma ikiwa kwenye chaja, inanitekenya vidoleni. Ninunue transfoma? *Msomaji, Sakina, Arusha*

Jibu: Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, umeme wetu wa 230V inaumudu, transfoma haihitajiki. Kule kutekenya ni umeme kidogo sana unaovuja kupitia kichujio cha chaja, na plagi ya pini mbili haina waya wa ethi wa kuuondoa. Kama tundu la chaja linapochomekwa waya lina pini tatu ndani, nunua waya wa pini tatu za hapa wenye fyuzi ya ampea 3, uuchomeke kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Kama lina pini mbili, waya hautasaidia. Badilisha chaja yenyewe, kwa volti na kichwa kilekile, ampea zisipungue.

Umeme ukikatika, chomoa chaja, usubiri dakika chache ukisharudi. Na kwa baridi ya Julai hapo Arusha, usiitumie juu ya blanketi: laptopu ndogo nyingi hazina feni, joto linatokea tumboni, likizibwa mashine inajipunguza kasi yenyewe.