Panya wa siku 90

SWALI: Nimesoma kwamba mazao yaliyobadilishwa vinasaba hulishwa panya kwa siku 90 tu, ilhali sisi tutayala maisha yetu yote. Tena nimeona picha za panya wenye uvimbe mkubwa, inasemekana kwa sababu ya mahindi hayo. Je, jaribio fupi namna hiyo linatosha?

JIBU: Siku 90 si haba kwa mnyama anayeishi miaka miwili hivi au zaidi kidogo, kwani sumu nyingi za chakula hujitokeza katika damu, ini na figo ndani ya muda huo. Mimi ningeuliza kwanza panya hao walilinganishwa na nani. Katika jaribio la maana, kundi moja hupewa mahindi yaliyobadilishwa na jingine mahindi ya ukoo uleule yasiyobadilishwa, kisha wote hupimwa uzito na damu, na viungo vyao huchunguzwa kwa hadubini.

Picha ulizoziona huenda ni za utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2012. Ulidumu miaka miwili, lakini kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa jinsia moja, tena wa aina ya Sprague-Dawley, ambao wengi huota uvimbe wenyewe wakizeeka, hata wasipoguswa na mahindi hayo. Katika kundi dogo hivyo, panya wawili watatu zaidi wakiugua, huwezi kujua kama ni chakula au ni bahati mbaya. Ndiyo maana mwongozo wa kupima saratani wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, unataka angalau 50 wa kila jinsia. Jarida liliiondoa makala hiyo mwaka 2013, ingawa ilichapishwa tena kwingine mwaka uliofuata. Baadaye mradi wa G-TwYST, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, uliwalisha panya mahindi hayohayo, ya aina iitwayo NK603, kwa miaka miwili bila kuona madhara yaliyotokana nayo.

Udhaifu halisi wa majaribio haya, kwa maoni yangu, ni kipimo, yaani dozi anayopewa panya. Kemikali unaweza kumpa panya mara mia ya kile atakachokula binadamu, lakini mahindi yakizidi sana katika chakula chake, lishe huvurugika na panya huugua kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo protini mpya inayotokana na kinasaba kilichoongezwa hutengwa na kujaribiwa peke yake kwa dozi kubwa, na virutubishi vya zao hulinganishwa na vya zao la kawaida. Umoja wa Ulaya ulifanya jaribio la siku 90 kuwa la lazima mwaka 2013. Wanasayansi wengi wangependa lifanywe pale tu uchunguzi wa awali unapoibua shaka mahususi, nami naungana nao.