Kuhama bendi si dhambi, ila tusikilizane kwanza

Jumanne iliyopita kijana wetu wa sekondi solo, gitaa la pili linaloitikia solo, alifika mazoezini saa tisa na nusu. Mazoezi ni saa nane. Hakuomba radhi wala hakuchomeka gitaa. Alikaa juu ya kreti la soda akachezea simu mpaka tukamaliza kuunganisha kiitikio cha wimbo mpya. Nikajua. Mpiga gitaa aliyekwisha kula advansi, fedha ya kutangulizwa, ya bendi nyingine humtambui kwa viatu vipya. Unamtambua kwa jinsi anavyoacha kusikiliza besi. Sehemu yake ikifika anapiga, ikiisha anatazama mlango.

Ana miaka 22, na hii ni bendi yake ya tatu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Sikumgombeza. Ana mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, na nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Lakini nimewaona wengi wa namna yake wakipita, nimechoka kunyamaza, kwa hiyo naandika. Wadogo zangu wa dansi, haya ni yenu.

1. Kuhama kulikuwepo kabla hamjazaliwa. Asije mtu akawadanganya kwamba wazee walikaa bendi moja mpaka nywele zikaota mvi. Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanza mwaka 1978, akina Muhidin Gurumo na Abel Balthazar walitoka bendi ya JUWATA, ndiyo Msondo, Michael Enoch akatokea Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye bendi, naye akaja akachota wanamuziki sita wa Sikinde kwa mkupuo, Gurumo na Balthazar wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound, na mji ukapata Ndekule, mtindo wa bendi hiyo. Sauti ya Shaban Dede imepita Msondo, imepita Sikinde, imepita Bima Lee. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaenda kuanzisha Super Volcano. Wangekaa wote walipozaliwa kimuziki, tusingekuwa na nusu ya tunavyovisikia leo.

Ila sikilizeni vizuri. Ndekule haikuwa Sikinde iliyobadilishwa jina. Ukiweka sahani ya huku na ya kule, masikio yanakwambia uko nyumba nyingine, ingawa sauti ya mbele unaifahamu. Watu walihama wakaenda kutengeneza kitu. Ninyi mnahama mnakwenda kupiga kopi zilezile za nyimbo za watu katika ukumbi mwingine, kwa nyongeza ya elfu tano kwa shoo.

2. Kabla hujasema ndiyo, uliza vyombo ni vya nani. Mkurugenzi anayekodi vyombo kila Ijumaa atakukodi na wewe vilevile.

3. Usiondoke na wimbo ulio jikoni, ambao bendi haijautoa.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 23, napiga sekondi solo katika bendi moja ya Temeke ambayo sitaitaja. Mpiga solo wetu alikuwa mtu mzima, sisi vijana tukimwita Ticha. Asubuhi, kabla ya mazoezi ya bendi, nilikuwa nakwenda kwake Mtoni, tunakaa uani chini ya mwembe na magitaa makavu, bila umeme. Hakuwahi kunidai hata nauli. Pleki zangu, vile vipande vya kuchapia nyuzi, alikuwa akinikatia mwenyewe kwa mkasi wa mkewe, kutoka kwenye kidumu cha mafuta ya kula, halafu anazisugua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka ziwe laini. Alisema za dukani zinateleza kwenye jasho.

Mwaka ule alikuwa anatengeneza sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea mwishoni mwa wimbo. Ilikuwa ya maswali na majibu: solo inauliza, sekondi inajibu, lakini jibu linaingia nyuma kidogo ya pigo, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Kwenye maelezo ni jambo dogo. Kwenye vidole lilinichukua wiki tatu. Alikuwa ananyamaza kabisa, anagonga mguu tu, ananitaka nipige majibu yangu peke yangu huku swali lake nalisikia kichwani. "Siku utakayojibu bila kuulizwa," aliniambia, "ndiyo siku umeelewa." Maneno ya wimbo aliyatunga mwimbaji wetu mdogo kuliko wote, utungo wake wa kwanza maishani. Tulipanga kuutoa siku ya Idi Pili, kwenye mpambano, bendi mbili ukumbi mmoja.

 Jumatano kabla ya Idi ile alikuja mtu wa bendi ile nyingine. Alinikuta kibarazani, akanipa bahasha ya kaki. Shilingi 150,000. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba alishaanza kuzungumza nami kupitia kwa watoto wake. Sitafuti kisingizio. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba bahasha haiji siku umeshiba.

Nikadanganya kwamba nimepata msiba Korogwe. Gitaa la bendi nikamwachia fundi mitambo. Alhamisi mchana nikawa mazoezini kwa wapya, na kiongozi wao akaniuliza swali ambalo mgeni yeyote huulizwa: umekuja na nini?

Sikuwa na kitu changu. Hilo ndilo lililoniponza, na ndilo linalowaponza ninyi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye bendi na sijatunga hata mstari mmoja wa gitaa uliotoka kwangu. Wote walikuwa wananitazama, mkurugenzi amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu. Nikapiga sebene ya Ticha. Nikapiga swali, nikapiga na jibu. Mkurugenzi akapiga makofi. Kufika jioni ilikuwa imebandikwa kwenye mwisho wa wimbo wao, mpiga solo wao anauliza, mimi najibu.

Siku ya Idi Pili tulitangulia sisi. Majukwaa yalitazamana, katikati wacheza dansi. Wimbo ulipokaribia kushuka kwenye sebene nikanyanyua macho. Ticha alikuwa amesimama upande wa pili anatyuni, gitaa halijachomekwa. Tulipoingia aliacha kutyuni. Akatulia. Halafu vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea kwenye shingo ya gitaa, bila sauti, na havikuwa vinapiga solo. Vilikuwa vinapiga jibu langu. Alikuwa ananifuatilia kama uani kwake, anaangalia kama nitaingia mahali pake.

Watu walilipuka. Mama mmoja alikuja kunituza, akanibandika noti ya elfu moja kwenye paji la uso, jasho likaishika, ikaning'inia juu ya jicho. Sikuitoa. Nilishukuru kwamba imenifunika. Mkononi nilikuwa na pleki ya kidumu.

Ilipofika zamu yao, wimbo ule hawakuupiga. Wiki tatu za mazoezi, na mwimbaji kijana amevaa shati alilolinunulia siku hiyo. Walipiga nyimbo zao za zamani tupu, wakamaliza, wakafunga vyombo. Wangeupiga, ukumbi mzima ungesema wameiba.

Mambo yaliyofuata ni mafupi. Bendi yangu mpya iliishi miezi mitano. Asubuhi moja ilikuja pikapu ikapakia vyombo, mkurugenzi amewauzia watu wengine, na sisi tukabaki tumesimama nje ya ukumbi kama abiria. Sebene ile haikurekodiwa na bendi yoyote kati ya zile mbili. Yule mwimbaji aliacha muziki mwaka uleule. Nikikutana naye barabarani ananisalimia vizuri sana, na ndiyo salamu nzito kuliko zote ninazopokea mjini hapa.

Baada ya miaka miwili ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Mtoni. Nilikaribishwa, nikapewa chai, nikaulizwa hali ya mama. Nikaanza kusema nililoendea, maneno yakanikwama. Ticha akaniacha nihangaike kidogo, kisha akauliza, "Lile jibu la tatu ulikuwa unaliwahisha. Bado unaliwahisha?" Nikasema sijui. Akaingia ndani akatoka na gitaa. Hatukulizungumza tena jambo lile mpaka alipofariki mwaka 2011, na mimi mpaka leo sijajua kama nilisamehewa au nilifundishwa tu.

Kwa hiyo mtu akikuita na mna wimbo haujatoka, mwambie asubiri utoke. Akiwa anakutaka kweli atasubiri. Akikataa kusubiri, ujue hakutaki wewe, anataka kuivuruga bendi yako kabla ya mpambano, na wewe ndiye mkono wake.

4. Tunga kitu chako, hata mzunguko mmoja wa gitaa, kisha jina lako liandikwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya hakimiliki iliyoiunda ni ya 1999, na bado kuna wanaotunga leo huku jina lililoandikwa ni la mwenye bendi. Ukiwa na chako, ukiulizwa umekuja na nini hutatazama chini.

5. Ukiwa deiwaka, kibarua wa siku, mahali, kiongozi wako ajue. Asisikie kwa wapenzi wa bendi.

6. Ukishahama, usiiponde bendi uliyotoka ukiwa na maiki mkononi. Najua marapa wetu wanapenda vijembe na ukumbi unachangamka. Lakini wapenzi wa dansi wana kumbukumbu ndefu. Wanaokushangilia leo ukiwaponda wenzako ndio wataanza kuhesabu siku zako hapa. Na mji huu ni mdogo. Mpiga tumba niliyemkimbia mwaka 2004 ndiye aliyenisimamia harusi yangu, na ilibidi kwanza nikamwombe radhi kwake Mbagala, na wazee wawili wamekaa.

7. Sasa na wale mnaojisifu kwamba ninyi ni waaminifu, mmekaa bendi moja miaka sita. Uaminifu kwa nani? Kama mkurugenzi hajakulipa miezi miwili na wewe unakwenda tu mazoezini kila Jumanne na Alhamisi kwa sababu unaogopa kuanza upya, huo ni woga, ondoka. Gurumo alipoacha jukwaa mwaka 2013, baada ya maisha yote ndani ya muziki, alisema hadharani kwamba hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Ndipo Diamond, kijana wa muziki mwingine kabisa, akampa gari. Aprili ya mwaka uliofuata mzee akafariki. Mimi siku ile ya baiskeli nilizima redio nikatoka nje. Mtu ambaye sauti yake imefungua hafla za nchi hii, aliyehama akarudi, aliyeziinua bendi zaidi ya moja, hana baiskeli. Kwa hiyo sitamwambia kijana yeyote akatae fedha kwa jina la bendi. Dai mshahara kwa maandishi. Dai siku ya malipo. Ukikosa, aga uende.

Neno ni hilo, aga. Kuaga kuna utaratibu wake na si mrefu: unamfuata kiongozi wa bendi kabla ya mkurugenzi, mkiwa wawili, mchana, si usiku baada ya shoo watu wamekunywa. Unataja tarehe. Unarudisha gitaa kwa mkono wako, na nyaya zake, na pedali. Halafu unamfundisha atakayekaa mahali pako. Hili la mwisho ndilo mnaloliruka wote, na ndilo ambalo bendi inalikumbuka miaka ishirini baadaye.

Na wewe uliyekaa kwenye kreti, unajijua. Sikwambii urudishe advansi. Najua imekwisha na najua imekwenda wapi, maana mama yako namfahamu. Uzinduzi wetu ni wiki tano kutoka sasa. Mwambie mkurugenzi wako mpya hivyo kwa adabu. Akikubali, piga nasi mpaka siku ile, tukuage jukwaani, watu wakutuze. Akikataa, basi nenda, ila Jumanne hii njoo saa nane, saa nane kweli. Kuna kijana wa Yombo tumemleta, vidole vyake bado vizito lakini sikio analo. Mkalishe chini ya ule mti wa mkungu nyuma ya ukumbi, uwaache wengine wafunge mitambo. Mpigie ile sehemu yako ya wimbo mpya taratibu. Kisha nyamaza, gonga mguu tu, umsikilize akijibu.