Mwanao anasema, wewe ndiye usiyemsikia

"Shangazi, mwanangu ana miaka minne na hospitalini wamesema ana usonji. Hasemi. Mavyaa wangu ndiye anayemharibu: kutwa wako dirishani, mtoto anapiga kelele 'Feri, feri, feri!' kama makanga wa matatu akiita abiria, naye bibi anamwitikia yaleyale. Mimi namfunza Kiingereza ili aingie nasari. Mume wangu anamtetea mamake. Nihame?" Mama M., Majengo, Mombasa

Pole, mwanangu. Habari hiyo ya hospitalini ni nzito kwa mzazi yeyote. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na inajipinga yenyewe. Hapa unasema hasemi, pale unanipa maneno yake.

Hiyo "feri, feri" huisema wakati gani? Hukuniandikia. Nadhani ni pale anapotaka kutoka. Watoto wengi wenye usonji huanza hivyo: huchukua maneno waliyoyasikia, mazima mazima, wakayatumia kwa haja zao. Daktari Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto wa namna hii kule Marekani mwaka 1943, aliandika tena mwaka 1946 kwamba maneno yao yanayoonekana ya ovyo yana chimbuko katika jambo lililompata mtoto mwenyewe. Mavyaa wako hahitaji kumsoma Kanner. Amesikia neno, amelijibu.

Wewe je? Huko "kumfunza" nakujua. Kikombe umekishika juu, "Sema! Sema kwanza!" Mtoto analia, nawe unalia. Huo ni mtihani. Keti chini naye, utazame anachokitazama, ukitaje kwa maneno machache: "Tuktuk. Tuktuk inapita." Kisha nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo, maana anahitaji muda wa kulipokea neno na kulirudisha. Akikuvuta mkono hadi kwenye mtungi, ameshasema, mtilie neno, "Maji. Unataka maji," na maji umpe papo hapo. Asipokutazama usoni usimshike kidevu kumgeuza. Huenda anakusikia vizuri zaidi akitazama pembeni. Kliniki nako usiache kwenda.

Kiingereza atajifunza. Lugha mbili hazimdhuru mtoto mwenye usonji. Kinachomdhuru ni kunyang'anywa Kiswahili cha bibi yake, mtu pekee humo nyumbani anayezungumza naye akajibiwa.

Na hilo la kuhama! Wake wa siku hizi mnaingia ndoani na virago mmeviacha mlangoni. Kila neno la mavyaa ni vita, kila mume anayemheshimu mamake ni adui. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndiyo, lakini huyo mama naye ni mzazi. Mume unayemlalamikia amemzaa yeye. Ninavyoona mimi, kinachokuuma ni kwamba mtoto anamkimbilia bibi. Hilo linauma kweli, sikulaumu. Ila dawa yake haiko katika nyumba nyingine ya kupanga.

Kesho asubuhi mwombe mavyaa wako nafasi hapo dirishani. Kaa kimya mpaka mwanao aseme "feri." Mwitikie, "Feri. Twende nje." Kisha mvalishe viatu.