Silikoni haioni nanomita 1500

Ndugu, umeuliza kwa nini kamera yako ya silikoni inatoa giza tupu kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1500 hata ukirefusha muda wa kupokea mwanga. Muda hausaidii hapo. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya wimbi hilo ina nishati ya elektronivolti 0.83 tu, na silikoni inadai 1.12 kung'oa elektroni, kwa hiyo mwanga unaipenya kama kioo. Tafuta kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) cha indi, gali na aseniki, kinachoona takriban nanomita 900 hadi 1700. Ila kipoze, tafadhali! Funika lenzi upige picha: vidoa vyeupe utakavyoviona vimeletwa na joto la kihisi, si mwanga. Thamani za picha hiyo zitoe, nukta kwa nukta, kwenye kila picha yako iliyopigwa kwa muda na halijoto ileile.