Mnauliza, tunajibu: bepari wa babu na bepari wa mjukuu

Nilijiita "bepari" kwenye ukurasa wangu wa picha, babu akakasirika kwelikweli. Kosa langu nini?

Kosa huna, ila babu naye ana haki yake. Neno hili lilitujia kutoka Bara Hindi, na asili yake ni mfanyabiashara tu, mtu wa kununua na kuuza. Siasa ndiyo iliyolitia sumu. Azimio la Arusha, tamko la chama tawala cha TANU la kujenga ujamaa Tanzania, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilimtaka kiongozi asishiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila: asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asimiliki nyumba ya kupangisha. Kesho yake benki zikataifishwa. Mwaka 1971 ikawa zamu ya nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Babu yako amekua akisikia "bepari" likitajwa pamoja na "kupe" na "mirija", yaani mtu anayenyonya jasho la mwenzake. Kumwita jirani bepari mbele ya balozi wa nyumba kumi hakukuwa utani hata kidogo.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti yale, kiongozi akaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Naamini hapo ndipo neno lilipoanza kupoa, maana halikuwa tena na katazo la kulilinda. Leo mtu akigoma kumchangia mwenzake nauli anaambiwa "acha ubepari", wote wanacheka, safari inaendelea. Nawe ukijiita bepari unataka tujue kwamba unajituma na pesa unaijua. Babu anasikia tusi pale unaposikia sifa. Usiifute ile picha, lakini kaa naye jioni moja umuulize bepari wa kwanza aliyemjua alikuwa nani.

Mwalimu anasema "wajamaa" ni wafuasi wa siasa ya ujamaa. Mbona sisi tukisema "wajamaa wamefika" tunamaanisha washikaji?

Mko sawa nyote. "Jamaa" lilikuwepo kabla ya chama chochote, likiwataja watu wa ukoo na wenza. Nyerere, katika andiko lake la 1962, hakwenda kuazima neno Ulaya. Alilichukua la nyumbani ili siasa yake ieleweke kama familia iliyopanuliwa. Nyinyi vijiweni mmelirudisha lilikotoka. Wakati huohuo, ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 bado inasema Tanzania ni nchi ya kijamaa, kwa hiyo maana ya mwalimu haijazikwa.

Kuna kinyago kinaitwa "ujamaa". Nacho kilitokana na Azimio?

Hapana, ila kimebeba jina lilelile. Kitazame kwa karibu: gogo moja la mpingo, watu wamepandana mabegani kutoka chini hadi juu, mguu wa huyu umekanyaga bega la yule, mkono umeshika kiuno, na hakuna unayeweza kumtoa bila kuwavunja wengine. Ni kazi ya wachongaji wa Kimakonde, na kwangu mimi inaueleza ujamaa vizuri kuliko hotuba nyingi. Jina hilo limevuka hata bahari. Huko Marekani, sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966 ina nguzo saba, na ya nne ni Ujamaa. Huadhimishwa Desemba 29, na maana yake huko ni watu weusi kujenga maduka na biashara zao kwa ushirika. Ni ajabu kidogo: neno lililokuwa likiwakemea wenye maduka huku, kule linawahimiza watu wayafungue.

Na "kabaila" limepotelea wapi?

Limebaki vitabuni. Zamani Pwani lilikuwa jina la mtu wa ukoo bora, siasa ikalifanya la mwinyi wa ardhi anayeishi kwa jasho la wapangaji. Ukiacha mahali kama Buhaya, huko Kagera, kwenye nyarubanja, yaani mashamba ya mabwana yaliyokaliwa na wapangaji, watu wengi hawakuwa na kabaila wa kumwonyesha kidole.

Namwandikia mbunge wetu barua kuhusu kisima. Nianze na "Ndugu" au "Mheshimiwa"?

Andika Mheshimiwa, ndiyo desturi sasa. Lakini nakwambia wazi kwamba "Ndugu" linaniuma. Enzi za chama kimoja liliwatosha waziri na tarishi wake, kila mmoja akimwita mwenzake hivyo bila kuinama. Ukifika mwisho wa barua, pale unapowataja wanakijiji wenzako wanaochota maji mtoni, waite ndugu.