Pindo la zambarau kwenye picha za michezo: anza na kamera, si kompyuta

Anayepiga picha za mechi kwenye jua kali analijua tatizo hili. Unafungua picha kwenye kompyuta, unaikuza, na jezi nyeupe imezungukwa na uzi wa zambarau. Nguzo za goli nazo vivyo hivyo, pamoja na helmeti za waendesha baiskeli na bega lolote linalong'aa kwa jasho.

Ninapoulizwa ni programu gani inaliondoa, nami huuliza: ulipiga kwa f ngapi, yaani tundu la lenzi lilikuwa wazi kiasi gani? Jibu huwa f/2.8, au tundu lililo wazi zaidi ya hapo (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi haikutanishi rangi zote sehemu moja, na tundu likiwa wazi sana tofauti hiyo hujitokeza, hasa pale kitu cheupe kinapopakana na cheusi. Angalia vizuri utaona kwamba kilicho mbele kidogo ya fokasi kina zambarau, na kilicho nyuma yake kina kijani.

Sasa, kwenye jua hakuna sababu ya mwanga inayokulazimisha kufungua tundu namna hiyo. Ile kanuni ya zamani inasema jua likiwa kali weka f/16, na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ilingane na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwa ISO 200 hiyo ni 1/200 ya sekunde. Fungua mpaka f/5.6 unapata 1/1600, kasi inayotosha kabisa kumgandisha mkimbiaji. Najua hoja ya upande wa pili: tunafungua tundu ili watu wa nyuma wapotee kwenye ukungu. Ni kweli, ila kwa lenzi ya milimita 300 au 400 hata f/5.6 inalainisha mandharinyuma, mradi yawe mbali na mchezaji. Kwangu f/4 ndiyo mahali pa kuanzia. Jioni au mawingu yakitanda, hapo fungua tu, huna la kufanya.

Mahali unapokaa ni muhimu pia, na hapa sikubaliani na mazoea. Tunaambiwa tupige magoti ili mchezaji aonekane mkubwa. Ukiinama sana, kichwa na mikono yake vinaangukia kwenye anga jeupe, na hapo ndipo pindo linaponenepa. Inuka kidogo, miti au jukwaa la watazamaji likae nyuma yake. Punguza na mwangaza kwa theluthi moja au mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), kwa sababu sehemu nyeupe zikishaungua, pindo hukolea na rangi halisi ya ukingo hairudi. Ukiweza, piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukiongeza kikuza-lenzi kati ya lenzi na kamera, kumbuka kinakuza na kasoro za lenzi.

Kwenye kompyuta, tambua kwanza una aina gani. Kama rangi ziko pembeni mwa fremu tu, nyekundu upande mmoja wa kitu na samawati upande wa pili, na katikati ni safi, hiyo ni kasoro nyingine. Kubana tundu hakuisaidii, lakini kisanduku kimoja cha kurekebisha lenzi ndani ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, huimaliza, na kamera nyingi huirekebisha zenyewe kwenye JPEG. Zambarau inayotokea hata katikati ya picha haijali kisanduku hicho. Inahitaji vitelezi vya zambarau na kijani: kimoja cha nguvu, kingine cha kuweka mipaka ya rangi inayoguswa. Kuza picha hadi 100%, bofya pindo lenyewe kwa alama ya kuchagua rangi, kisha punguza nguvu mpaka pale pindo linapokaribia kurudi. Ukizidisha, ukingo unabaki na mstari wa kijivu, na mimi naona huo unachukiza kuliko zambarau. RawTherapee, ambayo ni programu ya bure, nayo ina kifaa cha kazi hiyo.

Timu ikivaa zambarau, kama Fiorentina, klabu ya soka ya Italia, usiguse picha nzima, maana jezi zitapauka kwenye kingo. Tumia brashi, pita juu ya nguzo au kofia iliyoathirika tu. Na picha ikienda kwenye simu kwa ukubwa mdogo, mimi siirekebishi kabisa. Pindo la pikseli mbili tatu linapotea lenyewe picha inapopunguzwa.