Pelton aligundua, alivumbua au alibuni?

SWALI: Mwanangu aliandika kwenye insha: "Lester Pelton aligundua turbini ya maji, akapewa hakimiliki mwaka 1880." Mwalimu kakata "aligundua", kaandika "alivumbua". Nani kakosea? Na vile vimashine vidogo ambavyo wavumbuzi wa Marekani walipeleka serikalini zamani, naweza kuviita sampuli?

JIBU: Mwalimu hakukosea, ila kaacha kosa kubwa zaidi. Hakimiliki ni ya vitabu, nyimbo na picha. Mtambo hupewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya alichovumbua; ndilo neno walitumialo BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania.

Kugundua ni kukuta kitu kilichokuwapo bila kujulikana. Daktari hugundua ugonjwa, haubuni. Na turbini, yaani mtambo unaozungushwa na maji, Pelton hakuwa wa kwanza kuiunda: Mfaransa Benoît Fourneyron alikuwa na yake tangu 1827. Lakini tumwonee huruma mtoto. Pelton alikuwa seremala wa Camptonville, California, kwenye migodi ya dhahabu. Husimuliwa kwamba siku moja aliona gurudumu la maji limelegea na kusogea kando, maji yakawa yanapiga ukingo wa vikombe badala ya katikati, nalo likazidi kasi. Hapo, kama kisa ni cha kweli, aligundua. Kisha akatengeneza vikombe pacha vyenye ukingo mkali katikati: maji yanagawanyika pande mbili, yanajipinda na kugeuka yalikotoka, nguvu zao karibu zote zimebaki kwenye gurudumu. Hapo alibuni. "Alivumbua" huyabeba yote mawili, ndiyo maana tunalikimbilia. Mimi ningeandika "alibuni vikombe vya turbini", maana hataza hiyo hakupewa kwa kuona maji.

Sampuli, hapana. Sampuli ni sehemu ya kitu chenyewe: damu kidogo ya mgonjwa, kiganja cha mchele sokoni. Kile kimashine ni mfano, au modeli ukipenda. Kilitakiwa kisizidi futi moja kila upande, na maelfu yake yaliteketea ofisi ya hataza ilipoungua mwaka 1836. Ukitaka Kiswahili kitamu zaidi, tumia ki- ya udogo: kigurudumu cha mfano.

Turbini nayo ni neno la Claude Burdin, mwalimu wa Fourneyron. Alilitoa kwenye Kilatini turbo, ambalo lina maana ya kimbunga na pia ya... pia, ile wanayochezea watoto. Angekuwa Mswahili, leo tungesema pia ya maji.